Re: Leh kwa baiskeli, nianze siku ya ngapi?

Habari mkuu. Unauliza kama ukishuka ndege Leh, mji wa milimani kaskazini mwa India, asubuhi unaweza kukodi baiskeli jioni yake. Usithubutu. Mji uko kama mita 3,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyembamba na mwili unahitaji muda kuizoea. Mimi siku ya kwanza ngazi za gesti tu zilinikalisha chini, kichwa kinagonga. Siku mbili tembea kwa miguu, taratibu: sokoni, kisha vichochoro vya mji mkongwe hadi kwenye kasri la ghorofa tisa. Ukianza kutapika, tafuta daktari.

Siku ya tatu panda baiskeli uende kijiji cha Shey, kilomita 15 hivi. Kwenda ni mteremko hadi Choglamsar, kijiji kilicho njiani. Kurudi ndiko utajuta, kwa hiyo geuza mapema. Kabla hujalipa, binya breki zote mbili huku ukiisukuma baiskeli. Ya nyuma kwenye yangu ilikuwa pambo tu.