Amin alifuata nini Kagera?

SWALI: Shikamoo kaka. Niko chuo mwaka wa pili, kwetu Missenyi. Mhadhiri wetu wa siasa za kimataifa anasema nchi ikivamia jirani yake we tafuta maslahi tu, usalama wa mpaka, ardhi, maji, hayo mengine ni maneno. Nikamuuliza vipi Uganda ilipotuvamia sisi Tanzania 1978, akasema hata ile ni maslahi, Idi Amin, rais wao, alitaka mpaka uwe mtoni. Bibi yangu alikimbia Kyaka kipindi kile na haamini kabisa. Nani yuko sahihi? Halafu sisi kwenda mpaka Kampala siyo maslahi pia?
Msomaji, Missenyi

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mhadhiri wako ana pointi, tuanzie hapo, manake watu wengi ukiwatajia Amin wanakwambia alikuwa kichaa basi, na hilo ni jibu la uvivu. Chukua ramani. Mpaka wetu na Uganda pale magharibi mwa Ziwa Victoria ni mstari wa rula, Waingereza na Wajerumani walikubaliana 1890 wakafuata digrii moja kusini mwa ikweta, wala hawakuuliza nani ameoa wapi, halafu mto Kagera wenyewe unapita kusini zaidi, kwa hiyo kati ya mstari na mto kunabaki kipande cha kama kilomita za mraba 1,800, toka Mutukula mpaka daraja la Kyaka. Kwa mwanajeshi mto ni mpaka wa maana kuliko mstari wa kwenye karatasi. Na Amin alikuwa na sababu ya kuogopa upande huu. Obote, rais wa Uganda ambaye Amin alimpindua Januari 1971, alikuwa anaishi kwetu, Mwalimu Nyerere alikataa katakata kumtambua Amin, na Septemba 1972 wapiganaji wa Obote walivuka kutokea huku wakiielekea Masaka na Mbarara, wakapigwa, Amin akajibu kwa kurusha ndege kupiga mabomu Bukoba na Mwanza, mpaka wakaenda kusuluhishwa Mogadishu mwezi uliofuata. Hofu ilikuwepo, hakuitunga.

Sasa hoja inaanza kuyumba hapa. Hayo yote yalikuwepo 1973, yalikuwepo 1975, yalikuwepo 1977. Mto ulikuwa palepale, Obote alikuwa palepale. Kwa nini iwe Oktoba 1978? Mpakani hutapata jibu, nenda kaangalie kwenye kambi zake. Mwaka ule bei ya kahawa ilishuka, na kahawa ndo ilikuwa inaleta karibu dola zote za Uganda, na ndo iliyokuwa inawalisha wanajeshi, tena Oktoba hiyohiyo Marekani ikapiga marufuku biashara na Uganda. Aprili makamu wake, Mustafa Adrisi, alipata ajali mbaya ya gari akapelekwa Cairo kutibiwa, wafuasi wake jeshini hawakuamini kwamba ni ajali ya kawaida. Vikosi vikaanza kuasi, na ukitafuta mpaka leo wanahistoria wanabishana kama amri ya kuvuka ilitoka kwa Amin mwenyewe au askari waliokuwa wanafukuzana na waasi ndo waliingia kwanza halafu yeye akaifanya yake. Vyovyote iwavyo, mtawala ambaye jeshi lake linamgeuka alipata adui wa nje wa kuwaelekezea.

Angalia pia walivyofanya wakishaingia, hapo ndo mimi nasimama na bibi yako. Mtu anayetaka mto uwe mpaka wa kumlinda anachimba mahandaki kando ya mto, anapanga mizinga, anakaa. Hawa walibeba ng'ombe, magari, vyombo vya watu, mitambo ya kiwanda cha sukari, wakaua wanakijiji na kuwachukua wengine mateka. Kulipua daraja la Kyaka tarehe 3 Novemba ndo kitendo pekee ninachoona kina sura ya mpango wa kijeshi, na hata hicho hakikufuatiwa na ulinzi wa maana, mwezi haujaisha jeshi letu likaweka daraja la muda likavuka.

Na kutangaza tarehe 1 Novemba kwamba ardhi ile sasa ni ya Uganda, hilo nalo lina maslahi gani kwa Waganda? Nchi za Afrika zilishakubaliana Cairo 1964 kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni, kwa hiyo alijifungia mlango wa kutetewa, na akamwachia Mwalimu njia moja tu. Kesho yake Mwalimu akaliambia taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Amin huku anapendekeza wamalize ugomvi kwa kupigana ngumi ulingoni.

Jibu langu kwa hiyo ni kwamba mhadhiri anachanganya maslahi ya Uganda na maslahi ya Amin kubaki Ikulu. Haya ya pili yanaeleza mengi sana, manake bunge alishalivunja, majaji na mawaziri waliuawa, hakuna aliyebaki wa kumwambia mzee hii vita itatumaliza. Hofu ya mtu mmoja ikawa sera ya nchi nzima, waliolipa ni watu wa Kyaka na baadaye Waganda wenyewe.

Sisi kwenda Kampala, hapo maslahi yanaeleza zaidi na sioni aibu kusema. Mwanzoni lengo lilikuwa kuwatoa tu. Lakini Amin hakufuta dai lake la ardhi ile, na nchi maskini haiwezi kuweka maelfu ya vijana mpakani miaka yote ikimsubiri arudi. Ila maslahi peke yake hayaelezi Masaka, Februari 1979, ambako majengo mengi yalibomolewa na askari wetu kulipiza yaliyofanyika Kagera, hiyo ilikuwa hasira na lazima tuiseme kama ilivyo. Wakati huo Gaddafi wa Libya alishatuma askari wake kumsaidia Amin, wakakutana na wetu Lukaya mwezi Machi, wakashindwa, na Kampala ikaanguka Aprili 11. Amin akakimbilia Libya, kisha Saudi Arabia, akafia huko 2003 bila kusimama mahakamani hata siku moja kwa ajili ya watu wa Kagera wala wa Uganda.