Usiichomeke risiva hiyo Jumamosi kabla hujasoma bamba la nyuma

Ndugu yangu wa Nakuru, umeandika kwamba umepata risiva (redio na kikuza sauti katika sanduku moja) ya Marantz ya miaka ya sabini kutoka kwa mtu anayehama mtaa wa Section 58, kwa shilingi 22,000, na unataka kujua ni spika zipi zitakazoifaa, sindano ya kuchezea santuri utaipata wapi, na nobu ya sauti inayokwaruza isafishwe kwa dawa gani. Katikati ya maswali hayo umetaja, kama jambo la kupita tu, kwamba mashine ilitoka Marekani lakini "tayari imewekwa plagi ya pini tatu", na kwamba Jumamosi jioni utaichomeka ukutani wazee waje wasikilize. Wenzangu wote waliotangulia wamekujibu kuhusu spika. Mimi nimeirudia sentensi hiyo moja mara tatu, kwa sababu ndiyo niliyoisema mwenyewe hapa Kisumu, na ndiyo iliyoniteketezea mashine.

Plagi ya pini tatu haithibitishi chochote. Ni kipande cha plastiki ambacho mtu yeyote mwenye bisibisi hukifunga kwa dakika tano. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 240. Risiva zilizouzwa Marekani zilitengenezewa volti 120, na zile zilizouzwa ndani ya Japani volti 100. Chuma cha transfoma hakitambui plagi imebadilishwa; kinachotambua ni idadi ya mizunguko ya waya iliyofungwa kiwandani, na mizunguko hiyo haibadiliki kwa sababu mtu amekata waya wa nje na kufunga plagi mpya.

Yangu ilikuwa Pioneer SX-780, mashine ya mwaka 1978, wati 45 kwa kila upande, sura ya fedha mbele, na mita zenye sindano zinazocheza pamoja na muziki. Niliinunua soko la Kibuye Jumapili moja asubuhi kwa shilingi 18,000, ikiwa bado na plagi yake ya Marekani yenye pini mbili bapa. Sikuichomeka. Hadi hapo nilikuwa na akili timamu. Nilimpelekea fundi mmoja mjini ambaye alikuwa amewahi kuitengeneza redio ya baba yangu, nikamweleza kwa maneno yangu mwenyewe kwamba hii imetoka Marekani, naomba aitazame habari ya volti. Baada ya siku nne aliniita, akanionyesha plagi mpya, akasema: "Ukiona pini tatu, ujue ndani nimeshamaliza." Nilimlipa shilingi 3,500 na kumshukuru.

Jioni ya siku hiyo baba alikuja kwangu Mamboleo na santuri zake za benga, zile ndogo za mizunguko 45, akiwa amezifunga kwa shuka kama mayai. Nilichomeka, nikabonyeza swichi. Taa ya kioo cha stesheni, ambayo inapaswa kuwa na rangi ya asali, iliwaka nyeupe kabisa. Sindano za mita zilipiga upande wa kulia na kubaki huko. Transfoma ikaguruma, na gurumo lile nililisikia kupitia meza, kwenye viganja vya mikono, kabla sijalisikia masikioni. Nilikuwa nikinyoosha mkono kuzima ndipo ukatoka mlipuko mkavu, mmoja tu, na vipande vya karatasi laini kutoka ndani ya kapasita, kile kikopo cha kuhifadhi chaji ya umeme, vikapeperuka kupitia matundu ya juu vikatua kwenye zulia. Harufu yake ilikaa katika mapazia kwa wiki mbili. Baba alizifunga upya santuri zake, fundo kwa fundo, akaniambia: "Wuoda (mwanangu), leo tutazungumza tu."

Nieleze kilichotokea, maana mtu akielewa hasahau. Ukiipa transfoma ya volti 120 volti 240, chuma chake hushiba sumaku, na kikishashiba hakiwezi tena kuuzuia umeme, hivyo waya wa upande wa kuingilia hunyonya mkondo mkubwa mno na kuungua. Wakati huohuo upande wa pili hutoa volti nyingi kuliko sehemu za ndani zilivyopimiwa. Kapasita iliyoandikwa volti 50 haivumilii kupandishwa mbali juu ya hapo, hupasuka. Kizuizi, yaani kile kipande kidogo cha kupunguza mkondo wa umeme, kikipata volti maradufu hupata joto mara nne. Fyuzi ya ndani ingepaswa kukatika mara moja na kuiokoa mashine, lakini nilipofungua nilikuta fyuzi haimo: mahali pake palikuwa na uzi wa shaba uliosokotwa kwa koleo. Fyuzi ya kwenye plagi nayo ilikuwa ya ampia 13, ambayo inatosha kulinda waya wa birika la kuchemshia maji, si moyo wa redio.

Nina hasira na fundi huyo hadi leo na siifichi. Kutojua si kosa. Angeniambia "hii siijui, ipeleke kwingine", ningemheshimu zaidi. Kosa lake ni kwamba alisema amemaliza kazi ambayo hakuianza. Transfoma nyingine huwa na nyaya mbili za kuingilia zilizozungushwa kwenye chuma, za volti 120 kila moja, ambazo huweza kuunganishwa kwa kufuatana ili zipokee 240, lakini nyaya hizo lazima ziwepo, na yangu haikuwa nazo. Angeinua kifuniko tu angeliona hilo. Skurubu za kifuniko zilikuwa bado na vumbi la miaka mingi katika nafasi zake. Hakukifungua kabisa! Nami nilikuwa na macho ya kuliona vumbi hilo, nikaitazama plagi badala yake.

Hasara haikuishia hapo. SX-780 hukuza sauti kwa vipande vya STK, ambavyo ndani yake transista zote zimefungwa pamoja, na vipande hivyo havitengenezwi tena, kwa hivyo soko limejaa vya kughushi. Nilinunua jozi kwa shilingi 6,800, nikamlipa mtu mwingine shilingi 9,000 asuke transfoma upya, na vipande hivyo vya STK vilikufa ndani ya dakika kumi za kwanza. Jumla nilitumia shilingi 37,300 kwa mashine ambayo haijacheza hata upande mmoja wa santuri. Iko juu ya kabati. Kioo chake bado ni kizima.

Sasa nisikilize. Kabla ya jambo lingine lolote, geuza risiva na usome bamba la nyuma, karibu na mahali waya wa umeme unapoingilia. Likisema 120V 60Hz, hiyo ni ya Marekani, hata kama ina plagi ya aina gani. Tazama pia kama nyuma kuna matundu ya soketi yenye mipasuo miwili bapa. Hayo yaliwekwa ili mtu achomeke kichezeo cha santuri, na ni ushahidi mwingine wa soko ilikouzwa. Likisema 100V ni ya Japani, na hapo angalia pia kioo cha stesheni, kwa kuwa FM ya Japani ya enzi hizo iliishia 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, kwa hiyo hata ukiiwasha salama hutazipata. Ukiona kibadili volti chenye namba 110, 120, 220 na 240, shukuru Mungu, kisha uhakikishe kimewekwa kwenye 240 wakati waya haujachomekwa popote.

Ikiwa ni ya 120, na ninaamini ndivyo ilivyo, nunua transfoma ya kushusha kutoka 240 hadi 120. Soma idadi ya wati kwenye bamba lilelile na ununue yenye uwezo wa mara mbili au zaidi: ikisema 200, chukua ya 500. Iwe nzito mkononi, kwa sababu uzito huo ni chuma na shaba. Vile vifaa vyepesi vya wasafiri vinavyouzwa kwa ajili ya pasi na mashine za kukaushia nywele havifai kabisa kwa redio.

Halafu, hata baada ya hayo, usiichomeke moja kwa moja. Tafuta balbu ya zamani yenye waya ndani, ya wati 60 au 100, wala si ya LED, na umwombe mtu anayejua kazi ya umeme aiunganishe kwa kufuatana kwenye waya wa moto unaoingia katika transfoma hiyo ya kushusha. Acha spika zikiwa zimetolewa. Ukiwasha, balbu itang'aa kwa muda mfupi kapasita zinapojaa, kisha itafifia. Hiyo ni afya. Ikiendelea kung'aa kwa nguvu, ndani kuna mahali pameshikana, na balbu imebeba mzigo ambao ungeiua mashine. Zima hapohapo. Ikififia, pima kwa mita volti za DC (umeme wa mkondo usiogeuka) kwenye matundu ya spika, kila upande. Zikiwa chini ya milivolti 50, unaweza kuunganisha spika, tena uanze na zile usizozionea uchungu.

Risiva yangu ya pili, Sansui yenye kibadili volti, niliiwasha kwa njia hiyo nikiwa nimesimama mbali na mkono kwenye swichi ya ukutani. Balbu iling'aa, ikafifia hadi ukabaki uzi mwekundu tu, na baada ya sekunde chache rilei, ile swichi ya ndani inayounganisha spika, ikalia tik. Baba alikuja tena na shuka lake. Gitaa la besi katika zile santuri lina mwendo ambao simu haiwezi kuutoa, kana kwamba mtu anatembea katika chumba cha pili, na baba alikaa hadi saa tano usiku akinitajia waliokuwa wakicheza ngoma hizo enzi za ujana wake.

Kuhusu nobu inayokwaruza, pulizia ndani yake dawa maalumu ya kusafishia swichi, uizungushe mara thelathini mashine ikiwa imezimwa, wala usitumie mafuta ya bawaba.

Lakini hilo linaweza kusubiri. Leo jioni, kabla hujalala, piga picha ya bamba la nyuma na picha ya skurubu za kifuniko, uziweke hapa chini. Waambie wazee waje Jumamosi ya wiki ijayo.