Maswali ya Wasomaji: Dawa za Kifafa Zinapokutana na Dawa za VVU

SWALI: Daktari, mdogo wangu ana umri wa miaka 31 na anatumia kabamazepini kwa ajili ya kifafa tangu utotoni. Hivi karibuni alipimwa, akakutwa na VVU, akaanzishiwa kidonge kimoja kwa siku chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Kliniki haikumuuliza kuhusu kifafa, naye hakusema. Rafiki yake amemwambia kwamba dawa hizo hugombana, kwa hiyo ameze moja asubuhi na nyingine usiku. Je, hilo linatosha, au aache mojawapo?

JIBU: Ndugu msomaji, mdogo wako asiache hata moja. Anayeacha kabamazepini ghafla anaweza kupatwa na kifafa mfululizo kisichokatika, ambacho ni dharura inayoweza kuua, na anayeacha dawa za VVU anavipa virusi nafasi ya kuzaliana upya. Rafiki yake amesema kweli kwamba dawa hizo hugombana, ila njia aliyoipendekeza haiondoi ugomvi huo.

Kabamazepini, kama zilivyo dawa nyingine za kifafa ziitwazo fenitoini na fenobabitali, hulichochea ini litengeneze kwa wingi vimeng'enya vinavyovunjavunja dawa mwilini. Dolutegraviri huvunjwa na vimeng'enya hivyo hivyo, kwa hiyo huondolewa kabla haijamaliza kazi yake. Katika utafiti uliofanywa kwa watu wenye afya waliojitolea, ambao walipewa kabamazepini miligramu 300 mara mbili kwa siku, jumla ya dolutegraviri iliyopatikana katika damu ilipungua kwa karibu nusu, na kiwango kinachobaki muda mfupi kabla ya kumeza dozi inayofuata kilishuka kwa takriban asilimia 73. Kiwango hicho cha mwisho ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu saa hizo ndizo virusi hupata mwanya. Tenofoviri na lamivudini hutolewa na figo na haziguswi sana na ugomvi huu, lakini zikibaki zenyewe, huku dolutegraviri, nguzo kuu ya tiba, ikiwa imelegea, usugu wa dawa, yaani virusi kutosikia tena dawa, unaweza kujitokeza.

Kutenganisha saa za kumeza hakusaidii, kwa kuwa ini likishachochewa huendelea kuvunja dawa usiku na mchana, hata kama vidonge havikukutana tumboni. Nadhani ushauri huo umetokana na jambo jingine ambalo ni la kweli: dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini, pamoja na vidonge vya madini ya chuma au kalisi, hushikamana na dolutegraviri tumboni na kuizuia isiingie katika damu. Kwa hizo, dolutegraviri humezwa saa 2 kabla au saa 6 baada yake. Kwa kabamazepini saa hazina msaada wowote.

Kinachosaidia ni mojawapo ya njia mbili. Ya kwanza ni kuongeza kidonge cha dolutegraviri peke yake, miligramu 50, saa 12 baada ya kile cha mchanganyiko, ili mgonjwa apate dozi mbili kwa siku; njia hii inamfaa mtu ambaye virusi vyake havina usugu dhidi ya kundi la dawa za aina ya dolutegraviri. Ya pili ni kubadilisha dawa ya kifafa na kutumia ile isiyochochea ini, kwa mfano levetirasetamu, ambayo sehemu yake kubwa hutoka kwa njia ya figo. Kama mdogo wako amekaa miaka mingi bila kuanguka, mimi ningependelea njia ya kwanza, kwa sababu kifafa kilichotulia si kitu cha kuchezewa. Angekuwa anatumia fenitoini au fenobabitali, ningeelekea zaidi kwenye kubadilisha, tena polepole, dawa mpya ikiingia huku ya zamani ikipunguzwa kidogo kidogo. Vyovyote itakavyoamuliwa, apimwe kiwango cha virusi. Tena, akishawishiwa kuhamia sindano za VVU za kabotegraviri, ajue kwamba hazitumiki pamoja na kabamazepini.

Aende kliniki wiki hii akiwa na vidonge vyote mkononi. Naelewa kwa nini alinyamaza, maana kubeba magonjwa mawili ambayo watu huyanong'ona si jambo jepesi. Lakini mtoa dawa hawezi kurekebisha dozi ya kitu asichokijua.

SWALI: Nimetumia lamotrijini, dawa ya kifafa, kwa miaka kadhaa bila kuanguka. Sasa nimehamishiwa kwenye dawa za VVU za atazanaviri na ritonaviri, na nimeanza kuanguka tena. Nimeshauriwa nitumie dawa nyingine ya kifafa, valproeti. Nina umri wa miaka 27 na ningependa kuzaa.

JIBU: Dada, kwako mambo yamegeuka: dawa za VVU ndizo zinazoipunguza dawa ya kifafa. Mwongozo uliotolewa mwaka 2012 na chama cha madaktari wa mishipa ya fahamu cha Marekani pamoja na shirika la kimataifa la kupambana na kifafa unaeleza kwamba dozi ya lamotrijini huenda ikahitaji kuongezwa kwa takriban asilimia 50 inapotumiwa na atazanaviri na ritonaviri. Usiiongeze mwenyewe, kwani lamotrijini ikipandishwa haraka inaweza kuleta vipele vikali vya ngozi vinavyohatarisha maisha. Kuhusu valproeti, nisingeikubali kwa mwanamke anayetarajia kuzaa ikiwa ipo njia nyingine, kwa kuwa huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi na huathiri ukuaji wa akili yake. Uliza kwanza kuhusu kuongezewa lamotrijini, kisha kuhusu levetirasetamu.

SWALI: Nimemaliza kuachishwa fenobabitali. Je, kidonge cha pili cha dolutegraviri nikiache leo?

JIBU: Hapana. Fenobabitali hutoka mwilini taratibu, na ini huchukua muda kurudi katika hali yake ya kawaida. Endelea na dozi mbili kwa angalau wiki 2 zaidi, na daktari wako ndiye akuambie siku ya kuacha.