Magoti yameanza kukunja tena

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 33 na nina mtindio wa ubongo, miguu yote miwili. Nilipokuwa na miaka 5 nilikuwa natembea kwa kuchuchumia, wakanirefusha kano za visigino. Nilipofika 12, misuli ya nyuma ya mapaja. Nikatembea vizuri miaka mingi. Sasa magoti yanakunja, yanauma kwa mbele, na ngazi chache tu nahema. Mama anasema tulidanganywa. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Mwambie mama hamkudanganywa, ila inaelekea hamkuambiwa yote. Kisu hufika kwenye kano, misuli na mifupa; jeraha liko ubongoni, na halifikiwi. Jeraha hilo haliongezeki, lakini mwili unaolibeba hukua, huongezeka uzito, huchoka. Wengi wetu mwendo huanza kuzorota tukiwa na miaka ya 20 au 30, hata wasiowahi kupasuliwa.

Nimesema "wetu". Visigino vyangu vina makovu kama vyako.

Hebu tuangalie hivyo visigino. Shavu la mguu ndilo linalozuia muundi usilale mbele unaposimama. Kano ikirefushwa mno, tena mtoto akiwa mdogo, shavu hulegea, muundi hulala, goti hukunja. Basi msuli wa mbele ya paja unakushikilia kutwa nzima, na pia ya goti, kile kifupa cha mbele, inavutwa juu. Maumivu ya mbele mara nyingi hutoka hapo. Siku hizi wapasuaji wengi hupima mwendo kwanza, kisha hurekebisha nyonga, goti na kisigino kwa mara moja. Zamani mtoto alirudi mezani karibu kila mwaka.

Omba eksirei ya magoti, na ya nyonga pia, kwani nyonga iliyochomoka huweza kuumiza goti. Mtu akitaka kukurefusha kisigino tena, muulize kwanza goti linakunjwa na nini. Ukikubali kupasuliwa ukubwani, jua kwamba nguvu hupungua kwanza, na kurudi kwake ni mazoezi ya mwaka mzima au zaidi. Mikono ikianza ganzi au mkojo ukabadilika, usingoje. Huenda ni uti wa mgongo unaobanwa shingoni.

Na gongo la kutembelea? Mimi nililikataa mwaka mzima kwa kiburi, hadi nilipoanguka mbele ya wageni. Sasa hulala kando ya kitanda changu.