Ukifunga kamera ndani, hesabu kwamba kampuni yake itauzwa

Mama yangu anakaa Ujiji, mimi nashinda Kibirizi kwenye mwalo wa dagaa. Aliwahi kuanguka bafuni akakaa chini karibu saa nzima bila mtu kujua, na tangu siku hiyo sikuwa na amani. Lakini mitumbwi ikiingia alfajiri huwezi kuondoka mwaloni. Ukigeuka kidogo, mzigo umeshachukuliwa na wengine. Kwa hiyo nikanunua kamera ndogo ya waifai, ile inayozungusha kichwa. Fundi akaifunga sebuleni juu ya kabati la vyombo, ikawa inatazama mlango wa chumba cha mama na korido ya kwenda bafuni. Nikawa natandaza dagaa huku nachungulia simu, namwona mama anapeta mchele, moyo unatulia.

Sijutii kuinunua. Najutia namna nilivyoifunga, na nilichokibonyeza baadaye.

Asubuhi moja ujumbe ukaingia kwenye programu ya kamera. Kampuni imenunuliwa na kampuni kubwa zaidi, sasa wote ni familia moja, na ili niendelee kuona picha nihamishie akaunti yangu kwa mwenyewe mpya. Chini kulikuwa na vigezo na masharti, Kiingereza kitupu, kurasa kwa kurasa. Mikono yangu imejaa mchanga na magamba, wanunuzi wananiita. Nikabonyeza "Nakubali" kwa kidole gumba. Picha ya mama ikarudi, nikaendelea na kazi.

Jioni nikamsimulia. Alikuwa amekaa mkekani, khanga moja kiunoni, nyingine begani, kichwa wazi, kama mwanamke anavyokaa nyumbani kwake. Akatazama juu ya kabati. Akaivuta ile khanga ya begani, akajifunika kichwa, ndipo akaniuliza: "Na huyo aliyeinunua, mwanangu, alipiga hodi kwa nani?"

Nilikosa jibu. Usiku ule ndipo nilipoanza kusoma.

Tuanze na kitu ambacho kila mtu hapa anacho mfukoni. WhatsApp ilinunuliwa na Facebook mwaka 2014 kwa dola bilioni 19. Wakati huo watumiaji waliambiwa faragha yao haitaguswa. Mwaka 2016 masharti yakabadilishwa ili namba za simu za watumiaji ziweze kuunganishwa na akaunti za Facebook. Mwaka 2017 Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, iliitoza Facebook faini ya euro milioni 110 kwa kutoa maelezo ya kupotosha wakati wa ununuzi huo, maana ilikuwa imesema kuunganisha akaunti hizo kwa uhakika hakuwezekani. Miaka miwili tu ilitosha.

Kwenye vifaa vya nyumbani mambo yamekwenda njia hiyo hiyo. Nest, waliokuwa wakitengeneza vidhibiti joto vya ukutani, walinunuliwa na Google mwaka 2014 kwa dola bilioni 3.2. Mwaka huo huo Nest nao wakainunua Dropcam, kampuni ya kamera za nyumbani, kwa dola milioni 555. Fikiria mtu aliyenunua Dropcam: ndani ya mwaka mmoja kamera yake imebadilisha mwenyewe naye hajatoka sebuleni. Mwanzoni wateja wa Nest walihakikishiwa kwamba taarifa zao zitabaki kwa Nest. Mwaka 2018 Nest ikaingizwa ndani ya Google, na mwaka 2019 wateja wakaanza kutakiwa kuhamia kwenye akaunti za Google. Mwaka huo wa 2019 ikajulikana pia kwamba kifaa chao cha ulinzi, Nest Guard, kilikuwa na kinasa sauti ambacho hakikutajwa kwenye maelezo ya bidhaa. Google walisema ni makosa ya kusahau kukitaja. Mimi nasema aliyekiweka mezani kwake alikuwa na haki ya kujua siku anakinunua.

Kwa nini mwenyewe mpya anahusika hivyo, kama kamera ni ile ile? Hapa ndipo mimi mwenyewe nilichelewa kuelewa. Kampuni ndogo ya kamera ilijua jambo moja: kuna bibi anayeamka saa kumi alfajiri, anapita koridoni, anarudi. Haikujua ni nani. Kampuni kubwa tayari ina barua pepe yangu, ina ramani ya ninakopita kati ya Ujiji, Mwanga na Kibirizi, inajua ninachotafuta mtandaoni. Ukiziunganisha akaunti hizo mbili, yule bibi anapata jina, anapata mtoto, biashara ya mtoto, na saa ambazo nyumba haina kijana. Hakuna aliyeongeza kamera nyingine. Vipande vimekutanishwa tu.

Nisiwapake kampuni kubwa tope peke yao, maana udogo nao hauleti usalama. Amazon waliinunua Ring, watengenezaji wa kengele za mlangoni zenye kamera, mwaka 2018. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliifungulia Ring mashtaka, na Ring ikakubali kulipa dola milioni 5.8. Kwa maelezo ya tume hiyo, mfanyakazi mmoja alikuwa ametazama maelfu ya video za wanawake kutoka kamera zilizofungwa vyumbani na bafuni. Hayo yalitokea mwaka 2017, kabla Amazon hawajanunua. Nilipofika hapo nilisimama nikaenda kuitazama ile kamera ya mama. Inaona mlango wa bafu. Mimi ndiye niliyemwonyesha fundi pa kuielekeza.

Basi, ndugu yangu unayetaka kufunga kamera kwa mzazi, dukani au kwenye stoo ya mzigo, fanya uamuzi wako siku ya kununua, kama vile umeshaambiwa kwamba kampuni itauzwa. Baada ya hapo unakuwa unaomba tu.

La kwanza ni picha zinakaa wapi. Muulize muuzaji: hii inaweka kwenye memori kadi, au lazima ipeleke kwenye seva za kampuni, yaani kompyuta zake za mbali? Nyingi zina tundu la kadi pembeni au chini ya kichwa. Ukiweka kadi na ukazima hifadhi ya mtandaoni kwenye mipangilio, rekodi za mwezi uliopita hazipo kwa mtu wa kuziuza. Zipo kwako, kwenye kitu unachoweza kukishika mkononi. Na bando lako litapumua, kwa sababu kamera inayopandisha video usiku kucha inakula GB bila huruma. Ujue tu kwamba ukitazama kwa simu ukiwa mbali, picha bado inapita mtandaoni, na mwizi akiibeba kamera amebeba na kadi. Kwa dukani nashauri mashine ya kurekodia ya pembeni, ile mafundi wanayoiita DVR, ifungiwe kwenye kabati lenye kufuli. Inafanya kazi hata bila intaneti.

Uliza pia: intaneti ikikatika, au kampuni ikifunga seva, hiki kitu kitafanya kazi? Revolv walikuwa wakiuza kifaa cha kuongozea taa na milango kwa takriban dola 300. Nest waliinunua kampuni hiyo mwaka 2014, na Mei 2016 seva zikazimwa. Vifaa vilivyokuwa vizima kabisa vikawa mapambo ukutani. Kwetu, mtu anayejinyima miezi mitatu kununua kamera hawezi kuimudu hasara ya namna hiyo.

Akaunti ya kamera ifungulie barua pepe yake peke yake, isiyo ile ya mitandao ya kijamii wala ya benki. Neno la siri lililotoka nalo kiwandani libadilishe siku hiyo hiyo, mbele ya fundi, kisha weka jingine akishaondoka. Ukipenda mafundi wako kama ninavyompenda wangu, bado fanya hivyo.

Na ujumbe wa "tumenunuliwa" ukija, usiubonyeze ukiwa kazini. Ngoja ufike nyumbani. Upige picha ya skrini. Tafuta kama kuna njia ya kuendelea bila kuhamisha akaunti, au tarehe ya mwisho ya kuchagua. Kama hutaki, futa rekodi kwanza, kisha futa akaunti yenyewe, kwa sababu kuiondoa programu kwenye simu hakufuti chochote kilichoko kwenye seva. Ukiigawa au kuiuza kamera, toa kadi na uirudishe kama ilivyotoka kiwandani.

Sheria tunayo hapa Tanzania. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Sheria inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumikaje na kuomba zirekebishwe au zifutwe, tena inaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Tuitumie, maana wenzetu hawajakaa kimya. Google walipotaka kuinunua Fitbit, wale wa saa za kupima mapigo ya moyo, Tume ya Ulaya iliwabana waahidi kwamba kwa miaka 10 hawatatumia taarifa za afya za watumiaji wa Ulaya kwenye matangazo. Mtu wa Kigoma anayevaa saa hiyo hiyo hayumo kwenye ahadi ile.

Kwa mama, kamera nimeihamishia barazani, inatazama geti na njia ya kuingilia. Ndani hakuna. Binti wa jirani hupita saa nne na saa nane, na mama ana simu ya batani aliyoifunga kwenye pindo la khanga. Namba yangu imewekwa kwenye kitufe cha mbili, anabonyeza na kushikilia. Kengele ya kuvuta kwa kamba imewekwa bafuni, inalia nyumba ya pili.

Kampuni niliwaandikia, nikaomba rekodi zote za sebuleni zifutwe, nikataja namba ya kamera na tarehe. Walijibu kwamba zilizoko kwenye mfumo mpya zimefutwa. Nimewauliza tena kuhusu zilizobaki kwenye mfumo wa mwenyewe wa zamani, na barua pepe zote mbili nimezitunza.