Ukitaka kompyuta ya sebuleni, anzia nyuma ya mazabodi

Mtu akiniambia anataka kuunda kompyuta ya kuangalizia muvi sebuleni, swali langu la kwanza huwa: TV yako ni ya aina gani? Wengi hushangaa. Wamekuja na jina la prosesa walilolisikia kwa rafiki na wanataka tu niwaambie kama inatosha. Kwa kuangalia video, prosesa karibu zote za miaka ya karibuni zinatosha na nguvu inabaki. Mahali watu wanapokwama ni kwenye mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote, hasa ule upande wa nyuma wenye matundu, ambao dukani hakuna anayeugeuza autazame.

Kwanza tuelewane kuhusu grafiki ya ndani, yaani sehemu inayotengeneza picha ya kwenye skrini. Zamani ilikaa kwenye bodi yenyewe, ndani ya chipseti, yaani chipu kuu ya bodi. Ukinunua bodi umenunua na grafiki yake. Mwaka 2010 Intel walianza kuihamishia kwenye prosesa za kompyuta za mezani, na AMD wakafuata 2011 na familia waliyoiita Llano. Tangu hapo picha inatoka kwenye prosesa, na bodi kazi yake ni kuitolea tundu. Ndiyo maana unaweza kununua bodi nzuri yenye HDMI, lile tundu la waya wa TV, ukafunga prosesa isiyo na grafiki, na TV isionyeshe kitu.

Kwa hiyo angalia herufi ya mwisho. Kwa Intel, F maana yake grafiki haipo: Core i5-12400 inayo, i5-12400F haina. Ile ya F huwa bei yake iko chini kidogo, na muuzaji asiyejua unakwenda kuifanyia nini atakupa hiyo akiamini amekufanyia hisani. Kwa AMD wa soketi (kiti cha prosesa kwenye bodi) ya AM4, tafuta G: Ryzen 5 5600G inayo, 5600X haina. Kwenye AM5 mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa Ryzen 7000 nyingi zina grafiki ndogo inayotosha kabisa kwa video, isipokuwa zenye F kama 7500F.

Sasa rudi kwenye TV. Kama ni ya inchi 32 ya kawaida, au ya inchi 43 iliyoandikwa Full HD, HDMI 1.4 inakutosha na unaweza kuruka aya mbili zinazofuata. Kama ni ya 4K, tulia usome. HDMI 1.4 inapeleka 4K kwa picha 30 tu kwa sekunde. Muvi hazisumbuki sana hapo, kwa sababu nyingi zimepigwa kwa picha 24, na ukiiruhusu programu ya kuchezea video kama Kodi ibadili mwendo wa TV kulingana na faili, hutaona kasoro. Shida iko kwenye mpira. Matangazo ya mpira mengi yanakuja kwa picha 50 kwa sekunde, na ukiyalazimisha kwenye 30, krosi inakatika-katika hewani na kishale cha mausi kinaburura. HDMI 2.0, iliyotoka 2013, ndiyo inayofikisha 4K kwa picha 60.

Hapa ndipo mazabodi inapotofautiana na mwenzake. Prosesa za Intel za mezani hadi kizazi cha 10 zenyewe zilikuwa zinatoa HDMI 1.4. Mtengenezaji wa bodi aliyetaka 2.0 ilibidi aongeze chipu ndogo ya kugeuza mawimbi ya DisplayPort, aina nyingine ya tundu la picha, na kwenye bodi za bei nafuu wengi hawakuongeza. Kwa AMD hali ilikuwa hiyohiyo kwa sura nyingine: bodi nyingi za AM4 za mwanzo ziliwekewa tundu la 1.4 ingawa prosesa za Ryzen zenye grafiki ya Vega ziliweza 2.0. Matokeo yake, unakuta bodi mbili za soketi moja, chipseti moja, prosesa ileile, moja inatoa 4K laini na nyingine haitoi. Boksi haliwezi kukuokoa, maana maboksi yote mawili yameandikwa 4K. Nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji, tafuta bodi hiyo kwa jina lake kamili pamoja na namba ya toleo, fungua ukurasa wa vipimo na utafute mstari wa HDMI. Ukisoma 30Hz au 24Hz (Hz ni zile picha kwa sekunde) pembeni ya vipimo vya 4K, hiyo ni 1.4. Ukisoma 60Hz, uko salama.

Kuna njia ya kuponyokea. Bodi ikiwa na DisplayPort 1.2 au zaidi, hilo tundu linabeba 4K kwa picha 60, na unaweza kuligeuza kuwa HDMI 2.0 kwa adapta. Lakini adapta zenyewe ni za aina mbili. Zile za bei ya chakula cha mchana hazina chipu ndani. Zinapitisha tu mawimbi na zinakurudisha palepale kwenye 1.4. Unayoitaka ni ile yenye chipu yake ya kugeuza, na kwenye pakiti itaandikwa wazi 4K 60Hz. Mimi nimeitumia hii kwenye mashine kadhaa za ndugu zangu na haijaniangusha.

Jambo la pili kwa uzito ni kodeki, yaani namna faili la video lilivyobanwa, na kama grafiki ya prosesa ina sehemu maalumu ya kulifungua. H.264 ya kawaida inafunguliwa na kila kitu. Kazi inaanza kwenye HEVC, yale mafaili yanayoandikwa x265. Intel kizazi cha 6, cha mwaka 2015, kinafungua HEVC ya biti 8. Ile ya biti 10, ambayo ndiyo utakayoikuta kwenye muvi nyingi za 4K, pamoja na VP9, kodeki nyingine, ya biti 10, vilikuja na kizazi cha 7. Kwa hiyo mtu anayenunua vitu vya mtumba namwambia mstari wake wa chini uwe kizazi cha 7. AV1 ndiyo ya karibuni zaidi: kwa Intel wa mezani inaanzia kizazi cha 11, na kwa AMD inapatikana kwenye Ryzen 7000 na 8000G. Ile 5600G, pamoja na sifa zake zote, AV1 haina.

AV1 ina umuhimu gani? YouTube wanaitumia, na inabana video zaidi bila kupunguza ubora wa kuonekana. Anayelipia intaneti ya mwezi bila kikomo hatajali. Anayeunganisha bando la simu kila jioni atajali.

Prosesa ikikosa sehemu hiyo ya kufungua, video bado itacheza mara nyingi, ila kwa kutumia nguvu za prosesa nzima. Feni inapiga kelele katikati ya mazungumzo ya muvi na boksi linapata moto. Kwa joto la Dar es Salaam la Februari, na kabati la TV lenye mlango wa kioo, hilo si jambo la kupuuza.

Niongeze kidogo kuhusu vya mtumba. Bodi za Intel kizazi cha 2, enzi ya Sandy Bridge, bado zinazunguka kwa bei ya kutamanisha. Mbali na kukosa HEVC, zina ugonjwa mmoja wa kudumu: muvi nyingi zinazoitwa za picha 24 kwa kweli huenda kwa picha 23.976 kwa sekunde, na grafiki ile inatoa 24 kamili. Tofauti ni ndogo sana, lakini inajikusanya, na kila baada ya sekunde kama 40 picha inakwama kidogo kisha inaendelea. Ukishaigundua huwezi tena kuacha kuiona. Intel waliimaliza kwenye kizazi cha 4, Haswell, mwaka 2013.

Kuhusu ukubwa sina mengi. Mini-ITX ni sentimita 17 kwa 17, umbo lililoletwa na kampuni ya VIA mwaka 2001. Micro-ATX ya kawaida ni sentimita 24.4 kwa 24.4. Watu wanakimbilia Mini-ITX kwa kuwa inapendeza, lakini inauzwa ghali zaidi, ina nafasi mbili tu za RAM au moja, na feni za kuienea kasha lake jembamba ni za kutafuta. Ukipima rafu ya stendi ya TV yako ukakuta micro-ATX inaingia, chukua micro-ATX na hela inayobaki nunua diski kubwa. Mimi ningechagua Mini-ITX kwa sababu moja tu: zile bodi zinazokuja na prosesa ya Intel N100 imeshagandishwa humohumo.

N100 ilitoka 2023. Ina kori nne, Intel wameipangia wati 6, na inafungua HEVC ya biti 10, VP9 na AV1 bila jasho. Bodi zake nyingi zinapozwa na kipande cha chuma pekee, bila feni, kwa hiyo sebule inakuwa kimya kabisa. Usisahau kwamba prosesa haibadilishiki, na RAM ni ya njia moja. Kwa video hakuna neno; kwa gemu za maana, usiiguse. Soma pia aina ya RAM kabla ya kununua: ASUS Prime N100I-D D4 inataka RAM fupi ya laptopu, wakati ASRock N100DC-ITX inataka ile ndefu ya mezani.

Hiyo ASRock naipenda kwa sababu nyingine. Inapokea umeme wa volti 19 moja kwa moja kwa tundu la duara, kama laptopu, kwa hiyo unaepuka pawa saplai kubwa na feni yake. Mashine nzima ikicheza video inakula umeme kidogo sana, na UPS (betri ya akiba) ndogo ya kawaida itaishikilia muda mrefu kuliko itakavyoishikilia TV. Tunaokatikiwa umeme tunajua thamani ya hilo. Bodi yoyote utakayochukua, ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya bodi yenyewe, utafute kipengele cha Restore on AC Power Loss, au jina linalofanana na hilo, ukiweke kwenye hali ya kuwasha. Umeme ukirudi, mashine inajiwasha yenyewe, na bibi hahitaji kuinama nyuma ya stendi kutafuta kitufe.

Kama unataka na gemu, chukua AMD ya G, na ufunge RAM mbili zinazofanana badala ya moja. Grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake. Inakopa RAM ya mashine, na njia mbili zinaipa pumzi. Ryzen 5 8600G na Ryzen 7 8700G za mwaka 2024 zina nguvu hasa, ila soketi yake ya AM5 inapokea DDR5 pekee, na bei inapanda kwa pande zote.

Turudi nyuma ya bodi mara ya mwisho, kwenye USB. Hakikisha yapo angalau matundu mawili ya USB 2.0, na kipokezi cha kibodi yako isiyo na waya ukichomeke huko. Vifaa vya USB 3.0 vinapofanya kazi hutoa kelele ya redio kwenye masafa yaleyale ya 2.4GHz yanayotumiwa na kibodi na mausi hizo. Wengi wamelaumu kibodi na kununua nyingine, kumbe mkosaji ni diski ya nje iliyochomekwa jirani. Rimoti ya TV nayo usiitegemee: karibu mazabodi zote za kompyuta hazipitishi amri za rimoti kwenye waya wa HDMI kama vinavyofanya visanduku vya Android. Kodi ina programu ya simu iitwayo Kore, na watoto wataizoea kabla yako.

Sauti inategemea ulichonacho. Sabufa ya waya mwekundu na mweupe itaridhika na tundu dogo la kijani la bodi, au na tundu la TV yenyewe. Mwenye risiva ya sinema apeleke HDMI moja kwa moja kwenye risiva, kwa kuwa waya wa sauti wa mwanga (optical) hauwezi kubeba sauti za sinema za Dolby TrueHD wala DTS-HD Master Audio.

Na kama kazi yako ni Netflix na YouTube peke yake, usiunde chochote. Kisanduku kizuri cha Android chenye leseni ya Netflix kitakupa 4K kwa hela kidogo na rimoti mkononi. Kompyuta inadai Windows ili kukupa hiyo 4K ya Netflix, na kwenye Linux usiitegemee kabisa. Kompyuta ya sebuleni ni ya mwenye mafaili yake, diski zimejaa muvi na video za harusi, anayetaka kila kitu kionekane kwenye TV bila kubembeleza flashi.

Ukienda dukani kwa bodi ya mtumba au kompyuta ndogo za ofisini, zile za Dell, HP na Lenovo zinazotosha kiganjani, beba flashi yenye faili moja la 4K la x265 la biti 10 na programu ya VLC ya kubebeka. Omba iwashwe kwenye TV ya 4K ya palepale dukani, chezesha faili, kisha fungua Task Manager uangalie prosesa. Ikiwa imetulia chini ya asilimia 20 na mipangilio ya skrini inakubali 60Hz, anza kuongea bei. Muuzaji akikataa kuiwasha, Kariakoo haina duka moja.