Maswali yenu ya homoni, na majibu ambayo wengine hamtayapenda

Haya, nimekaa na maswali yenu. Mengi ni lile lile, kwaiyo hilo nalijibu mara moja tu, alafu mkilituma tena msishangae nikikaa kimya.

Dokta, homoni zangu zimevurugika, nipe dawa ya kubalansi.

Homoni ipi? Mwilini zipo zaidi ya 50. Aliyekuuzia ile chupa ya mitishamba hakukuuliza ni ipi, na hakuuliza kwa sababu hata yeye hajui. Niandikie unaumwa nini, toka lini, siku zako zikoje, unameza dawa gani, ndo tuongee.

Nimepima tairoidi, TSH ni 28 na T4 imeshuka. Mume wangu anasema namba ikiwa juu maana yake tezi inafanya kazi kupita kiasi, kwaiyo nimeanza kunywa kabimazoli za wifi yangu. Niendelee?

Usiendelee dada, mrudishie wifi vidonge vyake leo leo. T4 ndo homoni inayotoka kwenye tairoidi, tezi ya shingoni; TSH ni amri ya kuiambia tezi hiyo ifanye kazi, na haitoki shingoni. Inatoka kwenye pituitari, kitezi cha nusu gramu kinachoning'inia chini ya ubongo, usawa wa nyuma ya pua, na chenyewe kinapokea amri kutoka haipothalamasi iliyo juu yake. Chukulia haipothalamasi ni mwenye shamba, pituitari ni nyapara na tezi ya shingoni ni kibarua. Kibarua akilala nyapara anapiga kelele, kibarua akichapa kazi nyapara ananyamaza. Wako anapiga kelele za 28 wakati kawaida ni kati ya 0.4 na 4 hivi, yani tezi yako imelala, na hiyo dawa ya wifi kazi yake ni kuilaza tezi zaidi. Rudi kwa daktari uanzishiwe levothairoksini, vidonge vya homoni ya tezi, alafu urudie kipimo baada ya wiki 6 hadi 8, sio wiki ijayo, maana TSH inachelewa kushuka.

Na nyie mnaopima TSH peke yake ili kuokoa hela, kuna watu ambao nyapara mwenyewe ndo mgonjwa. T4 iko chini, TSH inasoma kawaida kabisa, mtu anaambiwa uko fiti nenda nyumbani. Pimeni vyote viwili. Hizi homoni zinafanya kazi kwa viwango vidogo mno, Roger Guillemin na wenzake walihitaji haipothalamasi za kondoo 300,000 kupata miligramu 1 ya TRH, ile inayoiamrisha pituitari itoe TSH, na kazi hiyo ndo ilimpa mgao wake wa Nobel mwaka 1977. Nyie mnagawana vidonge sebuleni kwa kukadiria.

Nina miaka 26, sina mimba, matiti yanatoa maziwa na siku zangu zimekata miezi minne. Bibi anasema ni jini mahaba.

Mpe bibi shikamoo zangu, alafu nenda maabara. Kwanza pima mimba, hata kama una uhakika, uhakika wa aina hiyo nimeuona mwingi. Kama haipo, angalia unachomeza: metoklopramidi na domperidoni za kichefuchefu, haloperidoli, risperidoni, hata methildopa ya presha. Homoni nyingi za pituitari haipothalamasi inazisukuma zitoke, ila prolaktini, homoni ya maziwa, inaizuia muda wote, inaizuia kwa dopamini, kemikali ya ubongo, sasa dawa hizi zinavuruga dopamini, prolaktini inapanda, maziwa yanatoka, na ikipanda inazima mfumo wa mayai ndo maana siku zinakata. Kama ni dawa ya akili usiiache kwa maamuzi yako, rudi kwa aliyekuandikia.

Baada ya hapo pima TSH, maana tairoidi ikilala prolaktini nayo inaweza kupanda. Vyote vikiwa safi na prolaktini iko juu sana, ndo unaenda MRI kutafuta uvimbe wa pituitari, na usianze kuandika wosia, karibu zote sio kansa na nyingi zinasinyaa kwa vidonge vya kabagolini bila kisu. Ila ukiona unaumwa kichwa na huoni vizuri pembeni, unajigonga mabega milangoni, usisubiri tarehe ya kliniki, mishipa ya macho inapita juu kidogo tu ya hicho kitezi. Na acha kuyakamua kila saa kuangalia kama bado yanatoka. Kukamua nako kunapandisha prolaktini.

Nimetumia deksa za kunenepa karibu mwaka, vidonge viwili kwa siku, mashavu yamejaa lakini miguu imekonda. Nataka niache kesho, sawa?

Usiache kesho!! Hili swali linanipandisha presha kila likija. Deksa viwili vya nusu miligramu ni kama prednisoloni miligramu 6 au 7, dawa za ukoo mmoja na kotiso, homoni ya tezi zilizo juu ya figo, na hiyo ni zaidi ya kotiso yote ambayo mwili wako unatengeneza kwa siku. Haipothalamasi na pituitari zikaona kotiso imejaa, zikaacha kutuma ACTH, amri ya kutengeneza kotiso, tezi zilizo juu ya figo zikakosa amri kwa mwaka mzima zikasinyaa. Ukikata ghafla hakuna wa kuzalisha. Siku ukipata malaria au ukichanwa kwa opareshi, presha inashuka, unatapika, sukari inaanguka, na mtu anakufa hivo huku ndugu wanasema alikuwa mzima jana. Nenda hospitali, sema ukweli wote bila aibu, upunguziwe taratibu kwa wiki na miezi, na popote utakapotibiwa kwa muda mrefu ujao useme nilitumia deksa. Wanaoziuza bila cheti nawaona, wanajua kabisa wanachofanya. Na dada zangu wa krimu za kung'arisha, zile zenye klobetasoli na betamethasoni, ndugu za deksa, mnazopaka mwili mzima, dawa inapita kwenye ngozi inaingia kwenye damu, msijidhani mmepona kwa sababu hamjameza.

Dada yangu alijifungua 2019, akatoka damu nyingi karibu afe, akaongezewa chupa nne. Maziwa hayakutoka, siku zake hazijarudi mpaka leo, anasikia baridi sana, hana nguvu, nywele za kwapa zimeisha. Ana miaka 36. Wanasema kakoma hedhi mapema, wengine karogwa.

Asante kwa kuandika vizuri, natamani wote mngeandika hivi. Hii inanukia ugonjwa wa Sheehan, aliuelezea daktari aliyekuwa Glasgow, Harold Sheehan, mwaka 1937. Wakati wa ujauzito pituitari inakua lakini damu inayoilisha haina presha kubwa, sasa mama akivuja sana presha ikaanguka, kitezi kinakosa damu na sehemu yake inakufa. Dalili ya kwanza ni hiyo ya maziwa kutotoka, na wodini watu wanamlaumu mama kwamba hataki kunyonyesha. Zingine zinakuja polepole kwa miaka. Kukoma hedhi mapema kunajulikana kwa FSH, amri ya pituitari kwa mayai, kuwa juu, yeye nategemea iwe chini au ya kawaida.

Mpelekeni hospitali ya rufaa kwa daktari wa homoni, apimwe kotiso ya asubuhi saa mbili, T4 pamoja na TSH, FSH na mwenzake LH, na prolaktini. Na mlikumbuke hili hata kama daktari ana haraka: kotiso ikiwa chini, haidrokotisoni, yani kotiso ya vidonge, inaanza kwanza, ndo levothairoksini ifuate. Ukitanguliza ya tairoidi mwili unachangamka na kutumia kile kikotiso kidogo kilichobaki, anaweza kuzimia mikononi mwenu. Akitibiwa anarudi kwenye uzima wake, ila dawa ni za maisha. Kwa sasa akitapika au akizidiwa ghafla, ni emejensi, msisubiri majibu ya vipimo.

Nachoma testosteroni kwa ajili ya jim, naona korodani zinapungua. Kawaida?

Kwa anayechoma, ndio. Pituitari ikikuta testosteroni imejaa kwenye damu inapunguza LH na FSH, korodani zinakosa kazi, mbegu zinaisha. Mke anapimwa kila kitu miaka miwili, anasemwa na mawifi, kumbe mume ndo ana kifua cha kutisha na mbegu sifuri. Acha, na nenda kapime. Kwa wengi zinarudi lakini inaweza kupita mwaka.

Nimeacha sindano ya miezi mitatu, mwezi wa tano huu sina mimba.

Toka sindano ya mwisho wastani wa kushika mimba ni kama miezi 10. Subiri, na usinywe kitu chochote cha "kusafisha kizazi".

Nina miaka 24, homoni gani itanirefusha?

Hakuna. Mifupa imeshafunga, ukichoma homoni ya ukuaji sasa hivi vitakavyokua ni taya, pua na vidole.

Kwa nini nikinywa bia mbili nakojoa kama nimekunywa sita?

Pombe inaizuia vasopresini isitoke, homoni inayotengenezwa haipothalamasi na kutunzwa nyuma ya pituitari, kazi yake kuiambia figo irudishe maji mwilini. Kwaiyo unakojoa bia pamoja na maji yako ya mchana. Ila kama unakojoa lita 5 kwa siku bila bia na unaamka usiku kutafuta maji, pima sukari kwanza, ikiwa safi uniandikie tena.